Umebadilisha Nini Kwenye Pikipiki Hii?

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na nafasi ya kusema maneno machache. Machache niliyasema. Haya ndiyo mengi. Atakayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa kiasi gani amwulize mhasibu. Mimi nitazungumza habari za pikipiki, na hasa habari za waranti, kwa sababu bado nawasikia mkinung'unika pale mapokezi kwamba wateja ni waongo. Wengi wao si waongo. Wanatuogopa. Tofauti ya mambo hayo mawili niliijua vizuri siku moja kwenye barabara ya Tunduru.

Niliingia kazini miaka ya ruksa. Kabla ya hapo pikipiki hapa Songea ilikuwa ya padri, ya bwana shamba au ya mganga mkuu, na ikiharibika ilisubiri spea mpaka nyasi zikaota katikati ya spoku. Kisha biashara ikafunguliwa, na tajiri mmoja wa Dar es Salaam, wakala wa pikipiki za Kijapani, akafungua tawi hapa mjini kwenye ghala lililokuwa la tumbaku. Harufu ya tumbaku ilikuwa bado imo ukutani. Siku yangu ya kwanza nilikuta pikipiki zimo kwenye makasha ya mbao, vipande vipande, na juu ya kasha moja amekaa mzee anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani, binti?"

"Nimekuja kuanza kazi. Mimi ndiye fundi mpya, Eufrasia Ndunguru."

Alinitazama, akautazama uji wake, kisha akaniletea spana. "Anza na kasha lile. Ukimaliza ukajikuta umebakiwa na nati mkononi, usiitie mfukoni. Niite."

Huyo ndiye Mzee Komba, fundi wetu mkuu, aliyenifundisha kazi. Wateja wa mwanzo walikuwa wakinipita na kuuliza fundi yuko wapi. Niliwajibu kwamba amevaa ovaroli ya bluu. Walizunguka karakana nzima wakimtafuta, ndipo wakarudi kwangu.

Waranti yenyewe ilikuwa jambo geni. Watu hawakuamini kwamba kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda, kampuni itakitengeneza bure. Na walikuwa na haki ya kutoamini, maana Dar ilikuwa na sharti lake: pikipiki ikishabadilishwa chochote, waranti imekufa. Wakati huohuo hapakuwa na mtu aliyenunua pikipiki akaiacha ilivyo. Walioiunda waliwazia mtu mmoja na mkoba wake kwenye lami. Huku kwetu ilitakiwa ibebe gunia la mahindi, mgonjwa na shemeji wa mgonjwa. Kwa hiyo mtu akitoka dukani kwetu alishuka moja kwa moja hadi Msamala kwa wachomeleaji. Walimwekea sproketi kubwa nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ili ipande milima. Walilitoa chujio la hewa ili, kwa maelezo yao, injini ipumue; ikapumua vumbi. Wengine walikata eksozi ili kijiji kizima kijue kwamba bwana amerudi.

Baya kuliko yote lilikuwa kurefusha mkono wa nyuma, yaani ule uma wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma. Waliukata katikati, wakaongeza kipande cha bomba, wakauchomelea. Pikipiki ikawa ndefu, ikapata nafasi ya mzigo. Ikichomelewa na mtu anayejua, ilidumu. Lakini mteja hakuwa na namna ya kujua kama mchomeleaji anajua.

Mwaka wangu wa pili ililetwa kwetu pikipiki ya bwana mifugo mmoja wa Madaba. Yeye mwenyewe alikuwa hospitali ya mkoa. Mkono wa nyuma ulikatika akiwa anateremka kilima, gurudumu likaja mbele likambana, na madaktari wakamkata mguu. Mzee Komba alikichukua kile kipande kilichokatika akanipa nikishike.

"Tazama hapo palipovunjika," alisema. "Pameingia kutu hapa, pakawa peusi. Na hapa panang'aa. Unaelewa?"

"Panapong'aa pamevunjika leo."

"Na peusi?"

"Pa zamani."

"Chuma hiki kilianza kufa kitambo, na kila asubuhi alikikalia." Alikichukua tena kile kipande. "Alikuja hapa juzijuzi kubadilisha oili. Nilimwuliza amebadilisha nini. Akasema hakuna. Mkono alikuwa ameuzungushia gunia, akaniambia ni la kuzuia tope. Alihofia waranti yake, mwenzangu. Kama asingehofia, ningeuona ule ufa."

Alimtembelea yule bwana hospitali mpaka alipotoka. Baadaye Mzee Komba alistaafu, akarudi Mbinga kwenye kahawa yake, na meza ya waranti ikabaki kwangu.

Ndipo Tunduru yakapatikana mawe ya vito. Mliokuwa wadogo hamwezi kukumbuka jinsi watu walivyomiminika kule. Mmoja wa walionufaika alikuwa Bwana Saidi, mfanyabiashara wa korosho aliyeanza kununua mawe, mtu mzima, mpole, mwenye kofia safi siku zote. Alinunua kwetu pikipiki mbili zinazofanana, moja yake na moja ya mdogo wake Hamza, aliyefanya naye biashara.

Asubuhi moja aliishusha yake kutoka kwenye lori mbele ya karakana. Injini ilikuwa imekwama.

"Salaam aleikum, Dada Eufrasia."

"Waaleikum salaam, Bwana Saidi. Imekuwaje?"

"Nimefika jana na Hamza, tumelala kwa ndugu yetu hapo Msamala. Jioni ilikuwa nzima. Nikatoka nayo kidogo, ikalia kama inayosaga mchanga, ikazima. Waranti yangu haijaisha."

"Umebadilisha nini kwenye pikipiki hii?"

"Hakuna. Iko kama mlivyoniuzia."

Niliifungua injini mbele yake. Oili ilikuwa imejaa, tena safi, lakini kule juu chuma kilikuwa kikavu kama kimepikwa. Oili haikupanda. Nilipoifikia pampu ya oili nikakuta gia yake ndogo imekatika meno. Nilifurahi. Kosa la namna hiyo ni la kiwanda, na ni nadra mtu kupata kesi nyepesi hivyo. Nilichutama chini niangalie upande wa cheni kabla sijaandika, na hapo furaha ikakatika.

Fremu, pale inapokutana na mkono wa nyuma, ilikuwa imejaa vitone vya moto wa kuchomelea. Rangi imeungua. Lakini mkono wenyewe ulikuwa safi kabisa, hauna hata tone moja, na boliti yake ilikuwa na alama mbichi za spana. Cheni ilikuwa imepunguzwa na kuungwa upya. Mtu alikuwa amechomelea mkono ukiwa papo hapo kwenye pikipiki, kisha mkono ule ukatolewa, ukawekwa mwingine wa kiwandani. Hilo halikunishangaza, watu walikuwa wakirudisha vifaa vya asili kabla ya kuja kwetu. Kilichonishtua ni kishikio kidogo cha kikinga-cheni, kilichobaki kwenye fremu. Mchomeleaji alikisogeza nacho, na walioubadilisha mkono walikisahau. Nilipokigusa kwa bisibisi kilibanduka chote. Alikuwa amechomelea juu ya kutu na rangi. Na mtu aliyekichomelea kishikio hivyo ndiye aliyeuchomelea ule mkono.

"Bwana Saidi," nikasema, "mkono uliorefushwa uko wapi?"

"Mkono gani?"

Kabla sijajibu, meneja wetu, Bwana Mapunda, alitoa kichwa ofisini. Alikuwa mtu mwema, ila aliiogopa Dar kuliko simba. "Eufrasia, kama imebadilishwa, andika imebadilishwa, tufunge habari."

Nilimwona Bwana Saidi akifunga uso kama mtu anayefunga duka. "Hakuna kilichobadilishwa," alisema. "Mnatafuta sababu tu. Mnauza pikipiki mbovu, kisha mnatafuta sababu."

Nilimwomba tutoke nje. Tulisimama kwenye jua, kando ya makasha matupu.

"Sikuulizi kwa ajili ya waranti," nilimwambia. "Injini yako imeuliwa na pampu ya oili. Mkono mrefu hauendeshi pampu ya oili. Hivyo ndivyo nitakavyoandika, na nitasema hivyohivyo mbele ya meneja na mbele ya Dar."

"Basi andika."

"Nitaandika. Lakini huu mkono uliofungwa hapa ni wa pikipiki nyingine. Ule wa kwako umekwenda wapi? Umetupwa? Ukiniambia umetupwa, nitarudi ndani nikaendelee na kazi."

Nikamweleza habari za yule bwana wa Madaba. Nilimweleza gunia, nikamweleza kilima, nikamweleza mguu. Nikamwonyesha kile kishikio kilichobanduka. Alikigeuzageuza kwenye vidole, kisha akanirudishia.

"Uko kwa Hamza," alisema.

"Hamza yuko wapi?"

"Ameshaondoka. Amerudi Tunduru asubuhi hii. Amempakia mkewe, na gunia la mchele nyuma."

Bwana Mapunda alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia. Nilitegemea aseme habari ya sharti. Badala yake alitoa funguo za pikapu mfukoni akanirushia. "Nendeni. Mimi napiga simu polisi Namtumbo wawasimamishe njiani." Simu ya Namtumbo siku hiyo ilifanya kama ilivyozoea, yaani haikupokelewa hadi tuliporudi.

Niliendesha mimi. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya udongo, imejaa mawimbi kama bati, na pikapu yetu ilikuwa ikicheza mpaka meno yanagongana. Bwana Saidi aliketi pembeni yangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akiomba dua. Kila tulipokuta watu kando ya njia nilipunguza mwendo na yeye akauliza. Mama mmoja mwenye ndizi alisema ndiyo, mwanaume na mwanamke mwenye baibui, wamepita, pikipiki ilikuwa inayumba, akadhani yule bwana amelewa.

"Hamza hanywi," Bwana Saidi aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Kila kilima tulichokipanda nilitegemea kuwakuta upande wa pili wamelala barabarani. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani nani tumlaze wapi kwenye pikapu. Kisha, mbele kabisa, tukaliona vumbi, na ndani ya vumbi pikipiki ndefu na gunia jeupe.

Nilipiga honi. Nikawasha taa. Nikakanyaga mafuta ili tuwafikie. Na pikipiki ikaongeza mwendo.

Nilipiga honi tena, ikazidi kukimbia. Tuliona gurudumu la nyuma likitupwa huku na huku na yule mwanamke amemkumbatia mumewe kwa nguvu.

"Anatukimbia!" alisema Bwana Saidi. "Anadhani sisi majambazi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Siku zile wanunuzi wa mawe walikuwa wakivamiwa njiani, na waliowavamia walikuja hivyohivyo, na pikapu, kwa kasi, wakiwasha taa. Hamza aliliona gari asilolijua likimfuata, na alifanya alichopaswa kufanya. Nilikanyaga breki mpaka gari likakaa upande, nikazima injini.

"Unafanya nini? Tutampoteza!"

"Tukiendelea kumkimbiza tutamwua sisi. Shuka umwite!"

"Hatanisikia!"

"Shuka!"

Mbele yetu barabara iliteremka hadi kwenye kijito chenye daraja la mbao, kisha ikapanda kilima cha pili, ukiwa huku unakiona chote. Bwana Saidi alikimbia mpaka ukingoni. Mtu mzima yule, mwenye heshima zake, alivua kofia, akavua na shati, akalipunga juu ya kichwa na kupaza sauti kwa Kiyao. Sikuelewa ila jina. Alilitaja mara nyingi, Hamza, Hamza, na sauti ikavuka bonde.

Pikipiki ilikuwa imeshashuka karibu na daraja. Nilimwona yule mwanamke akigeuza kichwa. Alitazama juu. Kisha akaanza kumpiga mumewe mgongoni kwa kiganja, na pikipiki ikapunguza, ikayumba, ikasimama hatua chache kabla ya mbao za kwanza.

Tulipofika, Hamza alikuwa ameshuka, kijana mrefu, uso umejaa vumbi, hajui acheke au akasirike. "Kaka, kumbe ni wewe! Umetutoa roho. Kuna msiba?"

Niliwaomba waliondoe gunia, nikalala chini. Ufa ulikuwa kwenye bomba la kulia, ukingoni mwa mchomo. Ulikuwa umezunguka karibu bomba zima, na kilichobaki kikilishika gurudumu kilikuwa kipande chembamba tu, chenye kung'aa. Nilipolisukuma gurudumu kwa mguu, ufa ulifunguka na kufumba.

Hamza alichutama akatazama. Alitazama muda mrefu.

"Huu si mkono wangu," alisema. "Wangu haujakatwa."

Alimgeukia Bwana Saidi.

"Kaka. Jana ulichukua pikipiki yangu, ukaniambia unaipeleka ikakazwe breki. Leo nimepakia kungali giza, na ilipoyumba nikadhani ni mzigo."

"Nilitaka yangu ionekane nzima mbele ya hawa," alisema Bwana Saidi. "Nilijua umekatwa na kuungwa. Kwamba umepasuka sikujua, wallahi, Hamza, sikujua."

"Lakini ulinifungia mimi. Na Zuhura amekaa juu yake."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimshika mkewe mkono wakaenda kukaa upande wa pili wa barabara, wakatuacha sisi wawili tuinyanyue pikipiki.

Tulirudi Songea Zuhura akiwa mbele nami, na ndugu wawili nyuma, kila mmoja kwenye ubavu wake wa pikapu, pikipiki imelazwa katikati yao. Jioni hiyohiyo nilimrudishia Hamza mkono wake halali, naye kulipopambazuka akaondoka na mkewe bila kumuaga kaka yake.

Sasa ilibaki waranti. Niliandika yote mawili: kwamba mkono ulirefushwa, na kwamba injini ilikufa kwa pampu. Dar walijibu walivyojibu siku zote: imebadilishwa, hakuna waranti. Nilikwenda kwa Bwana Mapunda nikamwambia kwamba tukikubali jibu hili, hakuna mteja atakayetuambia ukweli tena, na safari ijayo tutafika darajani tumechelewa. Nilijua namwomba aende kubishana na watu waliomweka pale kwenye kiti. Alizunguka mezani, akakaa, akasimama. Kisha akasema, "Niletee hiyo pampu."

Aliibeba mwenyewe kwenye basi, imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani kwa wakubwa. Sikuwepo, lakini aliporudi alikuwa amepotelewa na sauti. Wale wa Dar walifungua pampu nyingine za shehena ileile wakakuta gia zenye kasoro kama hiyo. Injini ya Bwana Saidi ikakubaliwa. Mkono haukukubaliwa, na ilikuwa haki. Huo alinunua mwenyewe.

Tangu hapo tawi letu lilipewa ruhusa ya kuamua kosa kwa kosa: kilichobadilishwa kinabeba lawama ya kile tu kilichoharibu. Sproketi kubwa ikila cheni, cheni ni yako. Taa ikiungua yenyewe, taa ni yetu. Mnaona ni jambo la kawaida leo, lakini Bwana Mapunda alilitolea jasho. Nami nilibadili namna ya kuuliza. Kabla ya kumwuliza mteja amebadilisha nini, nilimweleza kwanza kwamba jibu lake pekee halimnyimi kitu, na nilikaa chini wakati wa kuuliza, kwa sababu mtu aliyesimama juu yako na kalamu ni kama askari. Watu walianza kusema. Wengine walisema mengi kuliko nilivyohitaji. Mikono mibovu niliyoikamata baada ya hapo sikuihesabu, ila nawaomba ninyi mwendelee kuikamata.

Nimalizie na siku Bwana Saidi alipokuja kuchukua pikipiki yake. Alikuja kwa basi, amekonda. Nilimwashia injini, ikanguruma vizuri, nikampa funguo. Hakuipanda. Aliniuliza kama anaweza kungoja kidogo, amemwita mtu, hajui kama atakuja.

Tuliendelea na kazi. Alingoja kwenye benchi la wateja, funguo mkononi. Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa ua Hamza alipoingia getini na pikipiki yake. Alinisalimia mimi. Kaka yake hakumsalimia. Zuhura alikuwa amenitumia habari kwamba tangu siku ile ya daraja hajamsemesha.

Bwana Saidi alisimama, akamnyooshea funguo. "Nilitaka uikague wewe kwanza," alisema. "Ukisema haifai, naiacha hapahapa."

Hamza alilala chini kwenye udongo wenye oili, na shati lake la safari. Aliupitia mkono wa nyuma upande huu na upande ule, akaushika mhimili, akakaza nati ambayo mimi nilikuwa nimeshaikaza, akalizungusha gurudumu na kulisikiliza. Karakana nzima ilikuwa imeacha kugonga. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akamrudishia kaka yake funguo.

"Iko salama," alisema. "Panda, kaka. Tangulia, mimi nakuja nyuma yako."